Namba ya Marehemu

Ukiingia kanisani kwetu Kalenga ukakaa, umekaa juu ya kazi ya mikono ya shemeji yangu, Ambrosi Kihwele. Mabenchi yote thelathini na mawili aliyatengeneza yeye, kwa mbao alizozichagua mwenyewe Mafinga, na hakuacha kichwa cha msumari mahali ambapo kitenge cha mtu kingeweza kunasa. Ninaanza na mabenchi kwa sababu yanayofuata si mepesi kuyaandika, na nataka msomaji ajue kwanza ninamzungumzia mtu wa namna gani. Mwenyewe ameniruhusu. Alizisoma kurasa hizi karakanani kwake, akanirudishia zikiwa na vumbi la mbao, akasema, "Andika na ile ya baba. Usiiruke."

Basi siiruki.

Niliolewa katika ukoo wa Kihwele mwaka 1984, nikiwa mwalimu mpya wa sekondari, somo la Kiswahili na Historia. Mume wangu, Yohane, alikuwa kifungua mimba. Ambrosi alikuwa wa mwisho, mtoto wa miaka mitano aliyekwisha kufiwa na mama, kwa hiyo nilimpokea pamoja na nyumba. Nilimfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Akaniita Shemeji kama desturi inavyotaka, lakini akilia usiku alikuja kwangu.

Baba mkwe wangu alifariki mwaka 1986. Alijiua. Hii ni mara ya kwanza naandika neno hilo kuhusu nyumba yetu. Wakati ule Yohane na mimi tuliafikiana kabla jirani wa kwanza hajafika uani: mzee amekufa kwa homa. Padri aliambiwa homa, katekista aliambiwa homa, na mzee alizikwa kwa misa, pamoja na nyimbo zote, mbele ya watu waliotoka hadi Tosamaganga. Nilisimama pale kaburini nikiwa na miaka ishirini na nne, nikajiambia kwamba jina hili sasa liko mikononi mwangu. Nililishika vizuri. Wadogo wa kike wa mume wangu waliolewa katika nyumba za heshima. Yohane alipanda mpaka akawa afisa elimu. Hakuna aliyewahi kututazama kwa jicho la pembeni.

Ambrosi alikuwa na miaka saba siku ile. Nitarudi hapo.

Alipokua hakutaka chuo cha ualimu tulichomtafutia. Alikwenda Mafinga kujifunza useremala, akabaki huko. Mafinga ni mji wa mbao. Malori ya magogo yanapita barabara kuu mchana kutwa, na harufu ya paini iliyopasuliwa inaingia mpaka kwenye mkate. Ambrosi alipenda baridi ile. Hakuoa. Tukimuuliza alijibu kwamba bado anachonga mlango ambao mke atapitia, na mlango wenyewe haujakaa sawa. Rafiki yake mkubwa alikuwa Umakant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, Mhindi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezaliwa Iringa mjini na anayeongea Kihehe vizuri kuliko wanangu. Wawili hao hawakuweza kukutana bila kutaniana.

"Fundi, mlango ulionitengenezea unalia kama mzee anayeamka kitandani."

"Siyo mlango, Bosi. Ni wewe unapita. Ungekuwa mlango, ungelia na wewe."

Huyo ndiye Ambrosi. Kumbuka sauti hiyo.

Yohane alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa presha, hospitalini, na hilo ni kweli tupu. Sikufunga laini yake ya simu. Niliiweka simu kwenye droo ya kabati, na kila Jumapili nikitoka misani niliichaji, nikaiwasha, nikatuma ujumbe mmoja kwangu mwenyewe ili laini isifungwe. Nilisoma pole za watu waliomwandikia akiwa mgonjwa. Kisha niliizima mpaka Jumapili nyingine. Hii ilikuwa siri yangu ndogo, na ningeomba msomaji aikumbuke.

Baada ya msiba Ambrosi alianza kupungua. Kwanza mwili. Halafu maneno. Umakant alinipigia simu kuniambia kwamba fundi anakaa mbele ya ubao mmoja tangu asubuhi hadi jioni, penseli iko sikioni, hajachora hata mstari. Nilikwenda. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la maranda ya mbao, koti mwilini, macho yameingia ndani.

"Unaumwa wapi?" nilimuuliza.

"Siumwi, Shemeji. Nimechoka kuwapo tu."

Mtu yeyote aliyewahi kuishi ndani ya nyumba yetu mwaka 1986 angeelewa. Mimi nilielewa.

Iringa kuna hospitali nzuri, na iko karibu. Lakini Iringa kila korido ina mwanafunzi wangu. Nikaona picha yote: nesi mmoja anamwona Ambrosi kwenye benchi la wagonjwa wa akili, jioni habari ziko sokoni, Jumapili ziko kanisani, na wajukuu wangu wanaulizwa maswali siku ya kuchumbiwa. Nikampeleka Mbeya. Nilimwambia huko kuna daktari bingwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila sababu haikuwa hiyo. Tulisafiri kutwa nzima, tukavuka Makambako, tukashuka Chimala kunywa chai ambayo hakuigusa, tukafika Mbeya jua likizama. Nilichukua vyumba viwili katika nyumba ya wageni Iyunga, mbali na mtaa wowote niliokuwa na ndugu.

Asubuhi, kwenye dirisha la mapokezi hospitalini, karani aliuliza jina la mgonjwa.

"Ambrosi Mligo," nilisema. Mligo ni jina la baba yangu, Mbena wa Njombe. Ambrosi alinitazama mara moja, kisha akatazama sakafu.

"Namba ya simu ya ndugu wa karibu?"

Namba yangu imeandikwa kwenye karatasi za jumuiya, za kikundi, za shule nusu ya mkoa. Mtu akiipiga, anajua ni nani. Nikatoa namba ya Yohane. Nilijiambia kwamba ni simu yetu vilevile.

Daktari alituuliza mengi, taratibu, bila haraka. Ugonjwa aliupa jina, sonona, na akasema unatibika. Kisha akanigeukia mimi. "Katika ukoo, mama, kuna aliyewahi kujiua, au kujaribu?"

"Hakuna," nilisema.

Ambrosi aliinamisha kichwa. Nilifikiri ni udhaifu wa ugonjwa.

Alilazwa siku kumi na tisa. Muuguzi aliyekuwa naye zaidi aliitwa Alinanuswe, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayejua kunyamazisha darasa. Nilimheshimu kwa hilo. Ambrosi alianza kula, akaanza kulala. Siku ya kumi na tano alimwambia Alinanuswe kwamba kitanda chake kimeungwa na mtu aliyekuwa na hasira na mbao, na wodi nzima ikacheka. Nilimshukuru Mungu. Nikaanza kufunga mizigo kichwani.

Siku ya ruhusa, Alinanuswe alinivuta pembeni, karibu na sinki la kunawia.

"Mama, nikwambie kitu, na usikasirike. Watu wengi hatuwapotezi wakiwa humu ndani. Tunawapoteza wakishatoka. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi ule wa kwanza. Ndugu wameshapumua, mgonjwa ameshapata nguvu, na nguvu zenyewe zinaweza kwenda upande wowote. Kwa hiyo tarehe ya kliniki ni hii hapa, siku saba. Asipokuja, nitapiga simu. Ukimwona amechangamka ghafla, anagawa vitu vyake, anaaga watu, usisubiri tarehe. Umenielewa?"

"Mimi ni mwalimu, Sista," nilisema. "Nimeelewa."

Akaniandikia tarehe kwenye kadi.

Tulikuwa hatujafika getini niliposikia naitwa. "Benedicta? Benedicta wa Yohane?" Alikuwa Mama Obeid, wa kwaya yetu, aliyekuja Mbeya kumwangalia binti yake aliyejifungua. Macho yake yalitoka kwangu, yakaenda kwa Ambrosi, yakaenda kwenye bahasha ya dawa mkononi mwake, yakapanda mpaka kwenye kibao cha wodi nyuma yetu.

"Kamwene, dada," nilimsalimu kwa Kihehe. "Tumekuja kumwona mwanafunzi wangu wa zamani. Maskini, amechanganyikiwa."

Ambrosi alikuwa amesimama hatua moja nyuma yangu alipoyasikia hayo. Tulipanda basi hadi Mafinga. Alishuka, akanishika mkono, akasema, "Asante kwa shida zote, Shemeji." Basi likaondoka. Ile shukrani ilinifurahisha. Sasa nikiikumbuka, nasikia uzito uliokuwemo.

Siku ya saba ilikuwa Jumatano. Jumatatu nilimpigia simu.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri sana, Shemeji. Nafanya kazi. Nimemaliza kabati la sista wa parokia, nimemaliza na meza iliyolala mwaka mzima."

"Dawa?"

"Zipo."

"Basi mimi naona tusiende Jumatano," nilisema. "Mama Obeid bado yuko Mbeya. Tukikutana naye mara ya pili, tutasema nini? Tungoje mwezi upite."

"Kama unavyoona wewe."

Ndivyo nilivyofanya. Mtu anayesoma atauliza, mwalimu mzima, umeambiwa kwa mdomo wa muuguzi, umefanyaje hivyo? Nilimwona mzima kwa sababu nilihitaji awe mzima.

Ijumaa Saulo, seremala mwenzake, alinipigia kunishukuru. Alisema Ambrosi amempa randa. Si randa yoyote, ile ya chuma ambayo Yohane alimnunulia siku alipomaliza ufundi, ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuinyanyua. Nikasema moyoni, ona, ugonjwa umemlainisha, amekuwa mkarimu. Jumamosi mtoto wangu Goodness, aliye Dodoma, alinitumia ujumbe kwamba baba mdogo amempigia wamecheka saa nzima, amemkumbushia mambo ya utotoni yote. Nikajibu kwa kumshukuru Mungu.

Na kulikuwa na kitu kingine, kidogo. Jumamosi hiyohiyo nilifika kanisani kupanga maua, nikamkuta mlinzi anafuta benchi la mbele. Akaniambia fundi alikuja Alhamisi, peke yake, akapita benchi moja moja akilipapasa kwa kiganja, yote thelathini na mawili, kisha akaondoka bila kuja kwangu. Kutoka kanisani hadi nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika tano. Nilisimama na maua yangu mkononi. Wasiwasi ulinigusa bega, nami nikautikisa ukaanguka.

Jumapili nilitoka misa ya pili, nikafungua droo, nikaichaji simu ya Yohane kama kawaida. Nilipoiwasha ilitetemeka mezani. Haikuwahi kutetemeka tangu azikwe. Ilitetemeka mara tatu.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Jumatano saa nane mchana. *Habari. Ni muuguzi Alinanuswe. Ndugu Ambrosi hajafika kliniki leo. Naomba mnipigie.*

Wa pili ulikuwa wa Alhamisi. *Nimepiga mara nne, simu imezimwa. Namba aliyotuandikisha mgonjwa mwenyewe haina tarakimu zote. Tafadhali.*

Wa tatu ulikuwa wa Ijumaa. *Mama, siku ya kuondoka nilimuuliza kama mawazo yale yameisha. Alisema yameisha kwa sababu ameshaamua. Nilidhani anamaanisha ameamua kupona. Sasa sina uhakika. Nimeulizia jina la Mligo Mafinga, hakuna anayemjua. Nampataje huyu mtu?*

Nilikaa kitandani. Randa. Goodness. Benchi moja moja. Asante kwa shida zote. Vyote vilikuja kwa pamoja vikasimama mbele yangu, na kila kimoja nilikuwa nimekiona kwa macho yangu na kukipa jina zuri. Na muuguzi alikuwa amemtafuta siku tatu, akimwita kwa jina ambalo si lake, kwenye simu ya mtu aliyekufa.

Nilimpigia Ambrosi. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Kutoka Kalenga hadi Mafinga, hata ukipata gari papo hapo, ni saa mbili. Saulo Jumapili huwa kwao kijijini. Namba nyingine niliyokuwa nayo ya Mafinga ilikuwa ya Umakant.

Aliipokea mara moja. Nyuma yake kulikuwa na makelele. Jumapili baada ya misa duka lake hujaa mafundi na wakulima wanaonunua misumari na bati.

"Mwalimu! Za Kalenga?"

"Umakant, nenda kwa Ambrosi sasa hivi."

"Nini? Sema kwa nguvu, mikono yangu iko kwenye mzani, nimeweka spika!"

Nilisikia mtu akicheka, mtu akiuliza bei ya kofuli. Nusu ya Mafinga ilikuwa imesimama pale, na katika nusu hiyo kulikuwa na watu wa Kalenga. Siku zote wapo. Nilijua kwamba neno nitakalolisema litafika nyumbani kabla yangu. Miaka thelathini na nane ilikuwa imesimama mlangoni ikiningoja. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ile ya darasani.

"Ambrosi anataka kujiua. Alikuwa amelazwa Mbeya, wodi ya wagonjwa wa akili. Mimi ndiye niliyeficha. Nenda kwake, Umakant, usimwache peke yake mpaka nifike."

Kicheko kilikatika. Nilisikia misumari ikimiminwa kwenye bakuli la mzani, kisha hata hiyo ikakoma.

Umakant alizungumza karibu kabisa na simu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mwalimu. Shangazi yetu Jayshree naye, sisi tulisema moyo. Moyo ulisimama, tulisema. Naenda." Kisha akageuka. "Nyie, tokeni. Nafunga duka."

Yaliyotokea Mafinga nilisimuliwa baadaye na Umakant. Aliikuta karakana imefungwa kwa ndani, mchana kweupe. Akagonga. Ambrosi alifungua baada ya muda. Ndani kulikuwa kumefagiwa. Umakant anasema hilo ndilo lililomtisha kuliko chochote, maana kwa miaka ishirini hajawahi kuiona sakafu ile. Sikuzote ilikuwa chini ya maranda. Vifaa vilikuwa vimepangwa ukutani, vimepakwa mafuta, na kila kimoja kilikuwa na kikaratasi chenye jina la mtu. Msumeno mkubwa ulikuwa na jina la Umakant.

Hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni akiwa ameuziba mlango wote kwa mwili wake, akasema, "Fundi, mlango wa duka umekataa kufunga. Bidhaa zote ziko nje. Njoo."

"Kesho, Bosi."

"Kesho nini? Wezi wa Mafinga wanangoja kesho? Wewe umeutengeneza, wewe uje. Au ufundi umekwisha?"

"Sina randa. Nimempa Saulo."

"Nitavunja dirisha la Saulo niilete. Twende, twende, nasikia baridi."

Ambrosi aliniambia kwamba alitaka kukataa, ila hakuwahi kumwacha mtu na mlango mbovu, na akaona aibu kuondoka duniani mteja akimdai kazi. Basi akaenda.

Nilipofika, saa nane imepita, nilikuta kundi la watu wamesimama ng'ambo ya barabara, wakiangalia duka bila kusogea. Nilipita katikati yao kichwa juu. Mlango wa duka ulikuwa umeng'olewa, umelazwa juu ya mapipa mawili, na Ambrosi alikuwa anaupiga kwa randa mpya ya dukani. Umakant alikaa juu ya mfuko wa saruji, hatua mbili kutoka kwake, akilalamika.

"Hapa bado kuna kitu. Hapa, kwenye kona."

"Hapa hamna kitu, Bosi. Umeniambia kona hii mara tatu."

"Pitisha tena. Mimi ndiye mteja."

Mlango ulikuwa hauna kasoro hata moja. Ninajua mlango uliokaa sawa nikiuona, nami nilikuwa nimepita katika ule mara mia. Ambrosi naye alijua. Alikuwa ameshaulainisha kwa muda wa saa mbili, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu, na hakuwa ameuliza kwa nini. Aliponiona aliweka randa chini.

Umakant alitupeleka stoo, kati ya makopo ya rangi na mirundo ya bati, akakaa nje ya mlango. Nilikaa juu ya sanduku la misumari. Yeye alikaa chini, kama alivyokuwa akikaa nikimfundisha kusoma.

"Ambrosi," nilisema, "ulikuwa unataka kujiua?"

Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba ukiliuliza swali hilo unamtia mtu wazo. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Leo," alisema. "Jioni."

Niliushika mkono wake. Ulikuwa wa moto kwa kazi.

"Kuna jambo nataka unijibu, Shemeji. Usinijibu kama mwalimu." Alikuwa anaangalia sakafu. "Siku aliyokufa baba. Mimi ndiye niliyemkuta."

Hapo ndipo niliposema nitarudi. Alikuwa na miaka saba, na alikuja mbio jikoni kwangu, akasema alichokiona. Nami, kwa sababu katekista alikuwa tayari anapanda njia, nilimshika mashavu kwa mikono miwili, nikamwambia, umeota. Baba alikuwa na homa, wewe ulilala, ukaota vibaya. Jioni alilisema tena, nikamwambia umeota. Wiki nzima. Mpaka akaacha kusema. Nilijivunia kwamba ameacha.

"Nimekua nikijua kwamba kichwa changu kinaona vitu ambavyo havipo," alisema. "Kila nikikumbuka, nasema, hii ndiyo ile ndoto. Nikaogopa kuoa, nisije nikamwona mtoto wangu halafu hayupo. Kaka alipokufa nikaanza kuiona kila siku. Na Mbeya daktari alipokuuliza, ukasema hakuna. Nikajua basi, mimi ni mwendawazimu kweli. Hata pale getini ulisema. Amechanganyikiwa."

Nje mtu alimuuliza Umakant kama duka liko wazi, akajibiwa vibaya.

"Hukuota," nilisema.

Hakuinua kichwa.

"Hukuota, Ambrosi. Uliona kweli. Baba yako alijiua, na mimi nilikudanganya ili azikwe kwa misa. Kichwa chako hakikuwa na kosa siku ile."

Alilia kwa muda mrefu sana. Sikumnyamazisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba yetu mtu analia na hanyamazishwi.

Siku hiyo hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Nilimpigia Alinanuswe kwa simu ya Yohane, akapokea kabla haijaita mara mbili, akasema jina la Bwana, kisha akaniambia nini cha kufanya usiku ule na vitu gani viondolewe karakanani. Umakant alilala kwenye kiti cha karakana na miwani yake usoni. Alfajiri tukapanda basi la Mbeya, sisi watatu.

Kwenye dirisha lilelile, karani aliichukua kadi. "Ambrosi Mligo."

"Futa," nilisema. "Ni Ambrosi Kihwele. Wa Kalenga." Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Sikugeuka kuiangalia. Nikatoa namba yangu mwenyewe, nikatoa ya Umakant, na ya Yohane nikaiacha ibaki. Daktari aliponiuliza tena lile swali la ukoo, kabla sijajibu Ambrosi alisema, "Baba yangu. Mwaka themanini na sita. Mimi ndiye niliyemkuta." Alinanuswe akaandika. Alilazwa tena wiki tatu.

Sitasema kwamba tuliporudi Kalenga tulipokelewa vizuri. Mama Obeid alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, na mara hii alikuwa na ukweli, kwa hiyo sikuwa na la kumkatalia. Wapo waliouliza kama misa ya mzee ilikuwa halali. Familia moja iliyokuwa ikija kwetu kwa ajili ya mjukuu wangu imeacha kuja. Jina nililolishika miaka thelathini na nane limetoka mikononi mwangu, na kuna asubuhi naamka nikiwa nalitafuta. Lakini wamekuja pia wanawake watatu, mmoja mmoja, kupitia mlango wa nyuma, na kila mmoja amekaa jikoni kwangu akanitajia mtu wake. Wawili niliwaelekeza kwa Alinanuswe. Wa tatu nilimsindikiza mwenyewe.

Sasa ni miezi kumi na moja. Ambrosi hajakosa tarehe hata moja. Anakunywa dawa zake, sakafu ya karakana imejaa maranda tena, na ile randa Saulo aliirudisha bila kuambiwa. Daktari amesema tusihesabu miezi kama watu waliomaliza safari. Simu ya Yohane haikai tena kwenye droo. Iko mezani, inawaka mchana na usiku, na kila inapotetemeka naacha chochote nilichoshika.

Jumapili iliyopita nilimpigia Ambrosi baada ya misa. Haikupokelewa. Nikapiga mara ya pili, haikupokelewa. Nilitoka uani nikasimama kwenye jua, nikapiga mara ya tatu, na nilikuwa tayari naitafuta namba ya Umakant kwenye simu ya pili.

"Shemeji, samahani. Nilikuwa na mashine inaunguruma, sikusikia."

"Nilijua," nilimwambia.

Sikujua.